Ghala la Maneno: Historia ya kutafuta mahali lugha inapokaa akilini

Katika mtaa wa Saint-Gilles mjini Brussels, mtoto aweza kusikia lugha nne kabla hajafika mlango wa shule. Maneno yote hayo huhifadhiwa wapi? Na kwa nini baadhi yake hutoweka pale yanapohitajiwa? Makala yetu inafuatilia historia ya maswali hayo.

 Safari yetu ya leo inaanzia katika mji mkuu wa Ubelgiji, itapitia Paris, Bordeaux, Vienna na Montreal, na kabla ya kufika mwisho itaikuta lugha yetu ya Kiswahili mahali ambapo wengi hawakuitarajia: ndani ya maabara za wanasaikolojia wa Marekani.

Saint-Gilles ni moja kati ya manispaa 19 zinazounda jimbo la Brussels. Ni mahali padogo, kama kilomita za mraba mbili na nusu tu, lakini wanaishi humo watu wapatao 50,000. Hapo ndipo kilipo kituo kikubwa cha reli cha kusini, kiitwacho Gare du Midi kwa Kifaransa na Zuidstation kwa Kiholanzi. Hata mtaa wenyewe una majina mawili, Saint-Gilles na Sint-Gillis, kwa sababu Brussels ni mji wa lugha mbili kisheria na kila kibao cha barabara hutamka jina lake mara mbili. Juu ya lugha hizo mbili zimeongezeka lugha za wahamiaji: Kireno, Kihispania, Kiarabu cha Moroko, Kipolandi. Na katika manispaa jirani ya Ixelles liko eneo la Matonge, lililopewa jina la kitongoji cha Kinshasa, ambako husikika Kilingala pamoja na Kiswahili cha Bukavu, cha Goma na cha Lubumbashi.

Ni watu wangapi hasa wanaosema lugha gani? Serikali ya Ubelgiji haiulizi tena. Hesabu ya mwisho ya lugha ilifanyika mwaka 1947, nayo ilizusha ugomvi mkubwa baina ya wasemaji wa Kifaransa na wale wa Kiholanzi, hata sheria ya mwaka 1961 ikaliondoa kabisa swali hilo katika sensa. Basi serikali iliacha kuzihesabu lugha, lakini vichwa vya watu havikuacha kuzihifadhi.

Na hapa ndipo linapotokea jambo linalozihusu familia nyingi zinazotusikiliza kutoka Ulaya na Marekani. Mzazi humwita mwanawe kwa Kiswahili, mtoto akajibu kwa Kifaransa. Bibi anapopiga simu kutoka nyumbani, mjukuu huelewa karibu kila kitu, lakini akitaka kujibu maneno hayatoki. Wakubwa hutazamana, kisha husikika ile methali kali: mwacha asili ni mtumwa. Mtoto huhesabiwa kuwa ameipoteza lugha ya wazee wake. Je, ameipoteza kweli? Au neno lililopotea na neno lisilopatikana kwa wakati wake ni mambo mawili tofauti? Swali hili lina historia ya zaidi ya miaka 150.

Wapenzi wasikilizaji, turudi nyuma hadi mwezi Aprili mwaka 1861. Katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, alifariki mgonjwa mmoja aitwaye Leborgne. Kwa miaka mingi mtu huyo hakuweza kutamka karibu chochote isipokuwa silabi moja, "tan", nayo ndiyo iliyogeuka kuwa jina lake hospitalini. Hata hivyo alielewa mengi aliyoambiwa, na alijibu kwa ishara za mkono. Daktari Paul Broca aliuchunguza ubongo wake baada ya kifo, akakuta umeharibika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto. Miaka 13 baadaye, mwaka 1874, daktari kijana wa Kijerumani, Carl Wernicke, alieleza ugonjwa ulio kama kinyume cha huo. Wagonjwa wake walisema kwa wepesi, lakini maneno yao yalivurugika, na maneno ya wengine hawakuyaelewa vyema. Uharibifu wao ulikuwa nyuma zaidi, karibu na sehemu inayopokea sauti.

Ugunduzi huo wa pande mbili ulifundisha jambo kubwa. Neno halikai akilini kama jiwe moja lililowekwa juu ya rafu. Sauti yake, maana yake na namna ya kulitamka ni vitu vinavyoweza kutenganishwa na ugonjwa. Mtu aweza kubaki na kimoja akapungukiwa na kingine.

Punde si punde madaktari wakakutana na wagonjwa waliojua lugha zaidi ya moja. Mwaka 1881 Théodule Ribot, mwanafalsafa wa Kifaransa aliyeandika juu ya magonjwa ya kumbukumbu, alifundisha kwamba kumbukumbu za zamani ndizo zinazodumu, na zile mpya ndizo zinazotangulia kuondoka. Kwa kanuni hiyo, lugha ya utotoni ingekuwa ya mwisho kumwacha mgonjwa. Lakini mwaka 1895 daktari Albert Pitres wa Bordeaux alikusanya habari za wagonjwa waliokuwa wakisema lugha kadhaa kabla ya kupatwa na kiharusi, akasema kwamba inayorejea kwanza ni ile ambayo mgonjwa aliizoea zaidi, hata kama si ile aliyonyonya pamoja na maziwa ya mama. Tangu hapo wataalamu wameona kila namna: lugha zote kurejea pamoja, moja kurejea na nyingine kukawia, au lugha kupokezana siku kwa siku.

Mjadala huo unagusa uhai wa watu. Mzee wa Kikongo aliyepatwa na kiharusi Brussels, akapimwa kwa Kifaransa peke yake, aweza kuandikiwa kwamba hana tena usemi, ilhali Kiswahili chake bado kimo na kinangoja kuulizwa. Ndiyo maana katika miaka ya 1980 Michel Paradis wa Montreal alitayarisha vipimo vya afasia, yaani maradhi ya kupoteza usemi kwa sababu ya kuumia ubongo, vinavyompima mgonjwa katika kila lugha aliyokuwa akiisema. Familia zinazowauguza wazee ughaibuni zina haki ya kuwaeleza madaktari jambo hili: muulizeni pia kwa lugha yake.

Lakini si lazima mtu awe mgonjwa ndipo aone jinsi maneno yanavyohifadhiwa. Mwaka 1895 huohuo, mwanaisimu Rudolf Meringer wa Vienna na daktari Karl Mayer walichapisha mkusanyo wa maelfu ya makosa ya ulimi ya watu wazima wenye afya. Makosa hayo hayakuwa ya ovyo. Mtu anayetaka kusema "uma" husema "kisu", kwa kuwa vitu hivyo ni jirani mezani, au hutamka neno jingine lenye sauti zinazokaribiana na lile alilolitaka. Ni nadra sana mtu kutaka kusema "uma" akasema "wingu". Ulimi unapoteleza hudondokea kwa jirani. Kwa hiyo maneno yana ujirani wa aina mbili, ujirani wa maana na ujirani wa sauti.

Kuna pia hali ambayo kila mmoja wetu ameionja: neno liko mdomoni, lakini halitoki. William James, mwanasaikolojia wa Kimarekani, aliieleza hali hiyo mwaka 1890 katika kitabu chake kikubwa cha saikolojia. Alisema kwamba pengo lililoachwa na neno hilo si utupu. Lina umbo, kwa sababu mtu akiletewa neno lisilo lenyewe hulikataa mara moja. Ilipita miaka 76 kabla ya pengo hilo kupimwa. Mwaka 1966 Roger Brown na David McNeill wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwasomea wanafunzi maelezo ya maneno yasiyotumika sana, kisha wakawataka wayataje. Wale waliosema kwamba neno wanalijua ila haliji waliombwa kukisia herufi yake ya kwanza na idadi ya silabi zake. Zaidi ya nusu ya nyakati waliipata herufi ya kwanza, na idadi ya silabi pia waliikaribia sana. Walikuwa na kivuli cha neno kabla ya neno lenyewe.

Mwaka 1997 watafiti wa lugha ya Kiitalia waliongeza jambo la kustaajabisha. Mtaliani aliyekwama na jina la kitu, hata asiweze kutaja sauti yake yoyote, mara nyingi aliweza kusema kwa usahihi kama jina hilo ni la jinsia ya kiume au ya kike kisarufi. Ni kama Mswahili angesema: "Neno silikumbuki, lakini najua ni la ngeli ya ki na vi." Matokeo hayo yaliunga mkono fikra ya mtaalamu wa Kiholanzi Willem Levelt, aliyesema kwamba kutamka neno ni kazi ya hatua mbili. Kwanza akili hulichagua neno pamoja na maana na sarufi yake. Kisha huchukua sauti zake. Mara nyingi hatua hizo hukamilika katika muda usiofika sekunde moja, na msemaji wa kawaida hutoa maneno mawili au matatu kwa kila sekunde, huku akikosea mara chache mno. Anayekwama amevuka hatua ya kwanza, akasita mbele ya ya pili.

Wapenzi wasikilizaji, tangu miaka ya 1960 wataalamu wamezoea kuliita ghala hilo kamusi ya akilini. Jina hilo lafaa, lakini lapotosha kidogo. Kamusi ya karatasi hufuata alfabeti. Nasi wenye Kiswahili tunajua vyema jinsi utaratibu huo unavyosumbua, maana maneno yetu huzaana kutoka katika shina moja: soma, somesha, somo, msomaji, msomi. Je, "msomi" aandikwe chini ya M au chini ya S? Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliwakusanya wengi wa watoto hao chini ya shina lao. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1981 iliyaweka majina mahali pa herufi yake ya kwanza. Kila utaratibu humsaidia msomaji mmoja na kumchelewesha mwingine.

Akili haikulazimika kuchagua. Mwaka 1975 Allan Collins na Elizabeth Loftus walipendekeza picha ya wavu: kila neno ni fundo, na kila fundo limefungwa kwa mengine kwa nyuzi nyingi. Ukiligusa "bahari", mtikisiko huenea hadi "wimbi", "samaki", "mashua" na "pwani", na maneno hayo huwa mepesi zaidi kupatikana kwa muda mfupi unaofuata. Neno linalotumiwa kila siku huitika upesi, na lile lililoachwa miaka mingi huitika kwa shida.

Hapa turejee Brussels, kwa kuwa mji huo nao una sura yake katika historia hii. Katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels, kisicho mbali na Saint-Gilles, Paul Bertelson alikuwa ameanzisha maabara ya saikolojia. Mwaka 1979 yeye pamoja na José Morais, mzaliwa wa Ureno, na wenzao Luz Cary na Jesus Alegria, walichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa wanavijiji wa Ureno. Baadhi yao hawakupata kujifunza kusoma kamwe. Wengine, wa maisha yaleyale, walijifunza ukubwani. Kazi waliyopewa ilionekana ndogo: kuondoa sauti ya kwanza ya neno, au kuiongeza. Waliojifunza kusoma waliiweza. Wasiojua kusoma, walio wengi, ilikuwa ngumu mno kwao. Akili zao hazikuwa na upungufu wowote. Lakini kuivunja silabi hadi kuipata konsonanti peke yake ni ustadi unaoletwa na alfabeti. Mwaka 2010 Morais na mwenzake wa Brussels, Régine Kolinsky, walikuwa miongoni mwa kundi la watafiti, likiongozwa na Stanislas Dehaene wa Ufaransa, lililoonyesha kwa picha za ubongo kwamba kujifunza kusoma, hata ukubwani, hubadili namna ubongo unavyoyapokea maneno yanayosemwa.

Uchunguzi huo una uzito wa pekee kwa wasikilizaji wa Kiswahili. Watafiti wa Brussels walikuta pia kwamba wasiojua kusoma waliweza kutambua maneno yenye vina. Nani wa pwani atashangaa? Mabibi wengi waliotunga na kukariri tenzi ndefu hawakushika kalamu, lakini sikio lao halikukubali beti lenye kina kilichopotoka au mizani iliyopungua. Na mizani yetu ni silabi. Ushahidi mwingine ni mchezo wa kinyume, ambao Edward Steere aliutaja katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili kilichochapishwa London mwaka 1870. Katika mchezo huo silabi ya mwisho huhamishwa ikawa ya kwanza, na "nyumba" ikawa "mbanyu". Watoto wa Unguja na Mombasa waliucheza kwa kasi iliyowaacha wageni midomo wazi. Walikuwa wakiyafungua maneno akilini mwao na kuyafunga upya, bila alfabeti ya mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali la Saint-Gilles: akili yenye lugha tatu au nne ina maghala mangapi? Mwaka 1953 mwanaisimu Uriel Weinreich alieleza namna tatu zinazowezekana. Kuna mtu ambaye kila lugha ina maneno yake na maana zake mbalimbali. Kuna ambaye maneno mawili yanashirikiana maana moja. Na kuna ambaye neno la lugha ngeni hufika kwenye maana kwa kupitia mgongoni mwa neno la lugha ya kwanza, kama mgeni anayeingia nyumbani kwa mkono wa mwenyeji. Mwaka 1994 Judith Kroll na Erika Stewart waliiendeleza fikra hiyo wakisema kwamba mwanafunzi mpya huanza kwa kumtegemea mwenyeji, na kadiri anavyokomaa hufungua mlango wake mwenyewe.

Kuhusu milango, uchunguzi umeonyesha kwamba haifungwi kabisa. Mwaka 2002 Janet van Hell na Ton Dijkstra waliwapa wasemaji wa Kiholanzi maneno ya lugha yao wenyewe, pasipo kuwaambia lolote kuhusu lugha nyingine. Maneno ya Kiholanzi yaliyofanana na ya Kiingereza yalitambuliwa upesi zaidi. Na kwa wale waliokijua Kifaransa vyema, hata kufanana na Kifaransa kuliharakisha jibu. Lugha zilizonyamaza zilikuwa macho.

Kwa msemaji wa Kiswahili anayepita katika soko la Saint-Gilles na kuwasikia Wareno, jambo hilo ni la kusisimua. Meza yake ni mesa yao. Bendera ni bandeira, mvinyo ni vinho, nanasi ni ananás, leso ni lenço. Maneno hayo yalishuka katika mwambao wetu pamoja na majahazi ya karne ya 16 na ya 17, na leo yaweza kumfaa mhamiaji bila yeye kujua, kwa kuwa neno lenye ndugu katika lugha ya pili huitika upesi. Mengine yalibadilika njiani. Neno "gereza" linatokana na igreja ya Kireno, yaani kanisa. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593. Baadaye, chini ya Waingereza, ngome hiyo ikawa kifungo cha wahalifu hadi mwaka 1958. Jina likabaki na maana ikahama. Saint-Gilles ina kanisa lake na ina gereza lake maarufu, lililofunguliwa mwaka 1884. Mreno na Mswahili wakisimama pale na kutaja neno hilo moja, kila mmoja atanyosha kidole upande wake.

Lakini kuziacha lugha zote macho kuna gharama, na gharama hiyo iliwahi kuhesabiwa vibaya. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, walimu na madaktari wa Ulaya na Marekani waliwaambia wazazi wahamiaji waache lugha zao nyumbani, wakidai kwamba lugha mbili huudhoofisha ubongo wa mtoto. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka 10 mjini Montreal, wakichunga kulinganisha watoto wa hali moja ya maisha. Wenye lugha mbili hawakuwa nyuma. Katika vipimo vingi walitangulia. Mwaka 1993 Barbara Pearson na wenzake walihesabu maneno ya watoto wachanga wa Miami waliokuwa wakikua na Kiingereza na Kihispania. Ukihesabu lugha moja tu, mtoto wa lugha mbili aweza kuonekana mwenye maneno machache; ukizijumlisha zote mbili, hapungukiwi. Ni kweli pia kwamba mwenye lugha mbili hukwama na neno mara nyingi kidogo kuliko mwenye moja. Sababu moja inayotajwa ni rahisi: siku ina saa zilezile 24, na maneno ya kila lugha hupata zamu chache zaidi za kutumika.

Basi je, neno lililokosa zamu kwa miaka mingi hufa? Hapa ushahidi una pande mbili, nasi tutautaja wote. Mwaka 1984 Harry Bahrick wa Marekani alitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 733 waliojifunza Kihispania shuleni, wengine wakiwa wameiacha lugha hiyo kwa miaka 50. Walisahau mengi katika miaka mitatu hadi sita ya mwanzo. Kisha kusahau kukasimama, na kilichobaki kikadumu kwa robo karne au zaidi. Akiba haiozi, wasema wahenga.

Upande wa pili ni wa huzuni zaidi. Mwaka 2003 Christophe Pallier na wenzake waliwachunguza watu wazima waliozaliwa Korea, wakachukuliwa na familia za Kifaransa wakiwa na umri kati ya miaka mitatu na minane. Hawakuweza kuitambua Kikorea kati ya lugha nyingine kuliko Wafaransa wa kawaida walivyoweza, na picha za ubongo wao hazikuonyesha tofauti. Ilionekana kwamba lugha ya kwanza yaweza kufutika yote. Hata hivyo, mwaka 2014 utafiti wa Montreal uliwahusu wasichana waliochukuliwa kutoka China wakiwa wachanga. Hawakujua neno hata moja la Kichina, lakini waliposikilizishwa toni za lugha hiyo, ubongo wao uliitika kama wa wasemaji wa Kichina. Na mwaka 2017 huko Uholanzi, watu wazima wenye asili ya Korea waliofundishwa upya sauti za Kikorea walizishika upesi kuliko Waholanzi wenzao. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio ya kusahau, alikuwa amedokeza hayo tangu mwaka 1885: kilichosahauliwa kabisa hujifunzwa mara ya pili kwa jasho dogo zaidi.

Tukiuweka ushahidi huo pamoja, jibu la swali letu linaanza kuonekana. Watoto wale wa Korea walikatwa na lugha yao kwa ghafla na kwa ukamilifu. Mtoto wa Saint-Gilles anayesikia Kiswahili kila jioni hayuko katika hali hiyo. Anaelewa, na kuelewa ni dalili kwamba neno limo. Kinachomshinda ni njia ya kulitoa, na njia hiyo huota nyasi isipopitwa.

Na njia hufunguliwaje? Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinapoingia maabara. Wanasaikolojia wa Marekani walihitaji maneno ambayo wanafunzi wao hawakuyajua kabisa, lakini yanayosomeka kwa urahisi kwa herufi walizozizoea. Kiswahili kikawafaa. Mwaka 1994 Thomas Nelson na John Dunlosky walichapisha orodha ya maneno 100 ya Kiswahili pamoja na tafsiri zake za Kiingereza, wakionyesha lipi ni rahisi kukumbukwa na lipi ni gumu. Tangu hapo maneno yetu yametumika katika majaribio mengi ya kumbukumbu.

Lililojulikana zaidi ni lile la Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, lililochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Science. Wanafunzi wa chuo kikuu walijifunza jozi 40, "mashua" ikiwa mojawapo. Neno likishakumbukwa mara moja, kwa baadhi ya wanafunzi liliendelea kuulizwa. Kwa wengine liliendelea kusomwa tu, bila kuulizwa tena. Mwisho wa siku makundi yote yalikuwa sawa. Baada ya wiki moja, walioendelea kuulizwa walikumbuka karibu asilimia 80 ya maneno. Walioendelea kusoma bila kuulizwa walikumbuka kama theluthi moja tu. Kuliona neno tena na tena hakukuwasaidia sana. Kilichowasaidia ni kulitafuta wenyewe na kulitoa.

Wanafunzi wale walikuwa watu wazima wakijifunza lugha ngeni, nao si watoto wa Kiswahili walioko Brussels. Lakini kanuni ya kwamba neno huimarika kwa kutolewa imethibitishwa kwa watu wa rika nyingi na kwa masomo mengi, nayo yawapa wazazi jambo la kufanya. Mtoto anaposita katikati ya sentensi, yafaa kumngojea. Zile sekunde chache za ukimya ni kazi, kwani wavu wote unatikisika ukilitafuta fundo moja. Anayemkimbilia kwa jibu humwondolea kazi iliyokuwa ikiijenga njia. Anayemcheka humfundisha kunyamaza, na neno lisilotamkwa halipati zamu. Mfano au silabi ya kwanza ya neno humsaidia zaidi, maana tumeona kwamba mara nyingi kivuli cha neno hutangulia neno lenyewe. Na simu ya bibi, ambaye hakijui Kifaransa, yaweza kuwa darasa lililo bora kuliko yote, kwa kuwa hapo mtoto hana mlango mwingine wa kutokea.

Ile methali ya mwacha asili ina hekima yake, lakini si haki kumtupia mtoto ambaye asili bado imo ndani yake ikingoja kuitwa. Tangu mgonjwa wa Bicêtre aliyekuwa na silabi moja mdomoni na mengi moyoni, historia ya sayansi hii imerudia kutuonya kwamba ukimya wa mtu si kipimo cha hazina aliyonayo.